Nairobi kwa miguu kabla ya Mlima Kenya: kijana aliyenitembeza, na viatu vyangu

Ninaandika kwa Mtanzania mwenzangu, hasa wa Pwani, mwenye mpango wa Mlima Kenya na anayejiuliza muda wa Nairobi ataufanyia nini kabla ya kupanda matatu ya Nanyuki, mji ulio jirani na mlima. Ushauri wangu: usijifungie chumbani, zunguka mji kwa miguu, na mara ya kwanza mlipe mwenyeji akutembeze. Mimi nilitembezwa na kijana anayejitegemea, hana kampuni wala ofisi. Nyumba ya wageni niliyofikia Ngara ndiyo iliyotukutanisha. Alinitoza shilingi 3,000 za Kenya kuanzia asubuhi hadi alasiri, malipo kwa M-Pesa, viingilio juu yangu. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja aliyoikosa nitasema aliikosea wapi.

Kwanza tuondoe porojo moja. Wako watakaokwambia kwamba kulala Nairobi kunauzoesha mwili hewa ya mlimani. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na mimi natoka Tanga ambako ukikosea njia unaloana miguu, kwa hiyo ngazi za nyumba ya wageni tu zilinitambulisha kwamba nimepanda juu. Lakini mwili huanza kubabaishwa hasa na uchache wa hewa ukishapita kama mita 2,500. Lango la Sirimon, nilikopangiwa kuanzia safari, liko takriban mita 2,650. Kambi ya Old Moses mita 3,300, Shipton's 4,200, na Point Lenana, kilele nilichokilenga, ni mita 4,985. Hata vilima vya Ngong, wanakokwenda Wanairobi kujinyoosha miguu wikiendi, kilele chake ni mita 2,460 tu. Mapafu utayatafutia mlimani kwenyewe, kwa kupanda polepole. Kazi ya Nairobi ni kukwambia ukweli kuhusu miguu yako na ulichokivalisha.

Ndiyo maana niliingia mjini nimevaa kama naelekea kileleni: viatu vya mlima, soksi za sufu, begi la mgongoni lenye lita tatu za maji, jaketi la mvua na chakula kidogo. Nyumbani viatu hivyo nilikuwa nikivivaa alfajiri, kabla majirani hawajaamka, maana mwanamke wa makamo anayepita Barabara ya Kumi na buti za kupandia milima lazima ataulizwa kama amepata kazi ya ulinzi. Nairobi hakuna aliyenitazama mara mbili. Kila mtu anakimbilia kwake.

Kijana alinipa alama yake ya kwanza kabla hatujaanza kutembea. Aliuliza, "Mama, ukitoka hapa unaenda wapi?" Nilipomwambia Mlima Kenya, akabadilisha njia yake ya kawaida palepale. Akasema tutaanzia stesheni, kwa sababu mji ulianzia pale, na tutamalizia sokoni, kwa sababu anawajua watu wa Pwani na makoti yao mepesi. Sijui aliyaonaje makoti yangu, lakini alikuwa sahihi.

Makumbusho ya Reli yako pembeni ya stesheni ya zamani. Mimi nilikuwa nimekuja na treni ya SGR kutoka Mombasa, ambayo inakuteremsha nje ya mji, kisha unaunganisha na treni ndogo hadi pale kati. Kwa hiyo reli niliyopitia ilikuwa bado iko mwilini. Ile ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika hapa 1899, wakati pakiwa tambarare yenye majimaji isiyo na mji wowote. Wahandisi walipaona panafaa kuweka karakana na bohari kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na mji ukaota juu ya karakana hiyo. Kijana hakutuchosha na injini moja moja. Alinipeleka moja kwa moja kwenye behewa ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba mwaka 1900 pale stesheni ya Kima. Ryall alikuwa amekaa kumvizia simba huyo, usingizi ukamchukua. Kijana alisimulia taratibu, akionyesha mlango aliopitia simba na dirisha aliloondokea na mtu wake. Hiyo ndiyo kazi ninayomlipia mtu: ajue asimame wapi, na ajue kunyamaza lini.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, pale pembeni Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Ulikuwapo ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998. Wa Dar es Salaam ulilipuliwa asubuhi hiyohiyo, wakafa watu 11; hapa walikufa zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa ofisi za jirani. Majina yameandikwa ukutani. Sisi tulioisikia habari ile redioni tukiwa tunahangaikia ndugu zetu wa Dar, mara nyingi tunasahau ukubwa wa upande wa pili. Nilisoma majina mengi, na kijana hakuangalia saa.

Sasa niseme kuhusu barabara zenyewe, maana huku ndiko ninakotofautiana na wanaosema Nairobi haitembeleki. Upande wa Kenyatta Avenue, Wabera na Muindi Mbingu njia za miguu ni pana, zimetandikwa kabro, yaani matofali ya saruji, na utatembea bila kutazama chini. Ukivuka Moi Avenue kuelekea Tom Mboya Street na River Road, mambo yanageuka. Pale njia ya miguu ni duka, ni steji, ni maegesho ya bodaboda, na wewe unapita kwa hisani. Gari haisimami eti kwa sababu umekanyaga zebra. Kijana alinifundisha kuvuka na kundi: subiri watu watano sita wakusanyike, jifiche katikati yao, nendeni pamoja. "Mama, simu weka ndani," aliniambia tukikaribia mtaa wa Ronald Ngala. "Si ati nakutisha. Hapa hata mimi naweka." Nikaiweka kwenye mfuko wa ndani, zipu juu. Na begi la mgongoni tukalihamishia kifuani, jambo ambalo lilibadilisha kabisa uzito wa mwili na kunichosha kiuno. Hilo halitakupata mlimani, kwa hiyo usilihesabu kama mazoezi.

Tukiwa hapo wakatokea askari wa kaunti, wale kanjo, na wachuuzi wote wa njia nzima wakafunga bidhaa zao kwenye turubai kwa mkupuo mmoja na kutoweka kwenye vichochoro. Mimi mgeni nilibaki katikati ya barabara tupu na parachichi mkononi ambalo sikuwa nimelilipia. Muuzaji alirudi dakika chache baadaye akadai pesa yake bila hasira, kana kwamba alikwenda msalani tu.

Nyumba ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, jengo la mawe lililokuwa benki enzi za ukoloni, linatazamana na mnara wa mviringo wa Hilton, hoteli iliyofungwa mwishoni mwa 2022. Hapa ndipo kijana alipoikosa nyota ya tano. Aliipangia muda wa kupiga picha moja nje na kuchungulia ndani. Jamani! Ghorofa ya chini ya jengo lile ina mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, mtu aliyetumia pesa na maisha yake kukusanya kazi za mikono za Afrika: vinyago, nguo, ala za muziki, mapambo, silaha. Haya si makumbusho ya kupangwa kwa taa za kifahari. Vitu vimesongamana, maelezo mengine ni mafupi mno, na bado nilikutana na vitu ambavyo sijawahi kuviona kwenye makumbusho yetu. Niliganda kwenye mapambo ya shingo.

"Mama, tutachelewa KICC," akaniambia, akimaanisha lile jumba refu la mikutano ya kimataifa.

"Mwanangu, KICC itahama?"

Akacheka, akaniachia. Lakini alisimama mlangoni muda wote uliobaki, na mtu akisimama mlangoni unajua anakusubiri. Nilirudi mwenyewe baadaye kumalizia. Ushauri kwa atakayemchukua, au atakayemchukua mwingine yeyote: mwambie mapema kwamba Murumbi anahitaji nafasi yake, ikibidi punguzeni mahali pengine. Na begi lenu litakaguliwa mlangoni, msichukie.

Hatua chache kutoka hapo, njia hiyohiyo ya Moi Avenue, kuna sanamu ya Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Kisha tukakata kwenda Kimathi Street, na hapa kijana akaingia kwenye kipande chake bora kuliko vyote. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na Waingereza, iliyosimikwa 2007, watu wengi huipita wakielekea kwenye kahawa. Yeye alinisimamisha akaniuliza kama najua misitu ya mlima ninaokwenda kuupanda ilitumika kwa nini. Akaeleza kwamba Kimathi alikuwa upande wa milima ya Aberdare, na upande wa Mlima Kenya aliongoza Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, hadi alipokamatwa mwanzoni mwa 1954. Kimathi alikamatwa 1956, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. "Ule msitu utapita, mama, watu waliishi humo. Bila jaketi la mvua." Niliposikia hivyo nikalitazama begi langu kwa aibu kidogo.

Akaendelea na Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani wakati wa uhuru, Desemba 1963. Nami nikamrudishia kwa Alexander Nyirenda wetu, aliyepeleka mwenge na bendera Kilimanjaro Desemba 1961. Hakuwa akimjua. Tukabaki tunabishana njiani nani alipata baridi kali zaidi, na kwa kuwa Uhuru Peak ni mita 5,895, nadhani nilimshinda. Huduma nzuri ya kutembezwa inapaswa kuwa hivyo, maneno yaende na kurudi. Nimewahi kutembezwa miji mingine na watu waliokariri, ukiuliza swali wanarudia sentensi ya mwanzo.

Adhuhuri ilitukuta karibu na Msikiti wa Jamia, ule wenye kuba za fedha na minara miwili. Nikamwomba nafasi, akanionyesha mlango wa wanawake, akaniambia atanisubiri ng'ambo kwenye ngazi za maktaba ya McMillan. Sasa, buti za mlima na msikiti havipatani. Kuzivua ni kazi, kuzivaa ni kazi zaidi. Lakini pale nje, baada ya sala, nikiwa nimekaa kitako nafunga kamba upya kuanzia chini, ndipo nilipopata jawabu la tatizo lililonisumbua tangu stesheni. Kisigino cha kulia kilikuwa kikinyanyuka kidogo kila hatua, na sehemu hiyo ilishaanza kupata moto. Safari hii nilikaza sana pale kamba inapopinda kifundoni, nikaipitisha ndoano ya chini, nikazungusha mara mbili kabla ya kuendelea juu, na sehemu ya vidole nikaiacha imelegea. Kisigino kikatulia. Nikabandika plasta juu ya pale palipoiva, na pakakoma kuuma hadi jioni.

Ningeligundua hilo wapi kama si kwa kulazimika kuvua? Sokoni unajaribu kiatu dakika tano juu ya zulia. Mlimani ukigundua siku ya kwanza kwamba kisigino kinacheza, una siku kadhaa mbele yako za kulia. Ukitembea mji, jilazimishe kuvua na kufunga upya angalau mara moja mguu ukiwa umeshapata joto na kuvimba. Mguu wa saa sita si ule wa saa moja asubuhi.

Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi, hadi 1958, ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ina simba wawili wa mawe mlangoni, ambao kijana alikuwa ameegemea mmoja wao akila karanga. City Market tulipita haraka: maua, vinyago, harufu ya samaki, na wauzaji wanaokuita "mum" huku wameshakushika kiwiko. Jengo ni zuri, wauzaji wana njaa. Nilinunua ndizi nikatoka.

KICC nilikuwa na hamu nayo kuliko chochote kwa sababu ya juu yake. Ni jengo la mwaka 1973, urefu wake mita 105, ghorofa 28, na mbele yake amekaa Mzee Jomo Kenyatta wa shaba, anautazama uwanja. Unapanda kwa lifti, unamalizia kwa ngazi, unatokea kwenye paa la helikopta. Siku ikiwa safi unaweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Mimi niliona mawingu meupe yamejipanga pale unapopaswa kuwa, na hakuna ubaya: saa nane mchana mlima ule huwa umeshajifunika, huonekana alfajiri. Basi kama dhumuni lako ni kuuona, mwambie anayekutembeza muanzie huku lango likifunguliwa tu, na stesheni iwe mwisho. Kwa wengine, panda wakati wowote. Ukiwa pale juu unaelewa mji wote kwa mpigo mmoja: reli kule, Hifadhi ya Taifa ya Wanyama nyuma yake, msitu wa Karura kijani upande wa pili, na mabati ya soko la Gikomba yanang'aa bondeni karibu na mto.

Chakula cha mchana hakikuwamo kwenye bei. Alinipeleka kibandani upande wa River Road, chapati na madondo, yaani maharage, chai iliyopikwa na maziwa tangu mwanzo. Chapati zao ni nene kuliko zetu na zinashibisha kiaskari. Madondo hayakuwa na nazi, jambo ambalo nimelisamehe. Kijana alikula chapati nyingi kuliko mimi, nikamlipia, na nadhani hilo liliongeza muda wa matembezi.

Kisha Gikomba. Ratiba ya kawaida ya kijana haina Gikomba, na ukiwa peke yako mara ya kwanza sikushauri. Ni soko la mtumba kubwa kuliko lolote nililowahi kuliingia, Karume ya Dar naijumlisha. Njia ni nyembamba, chini ni matope hata kipindi cha kiangazi, mikokoteni inashuka kwa kasi na mwenye mkokoteni anapiga mluzi mara moja tu. Viatu vyangu vilipata hapo mtihani ambao lami haitoi: kuteleza, kukanyaga jiwe lililolegea, kupandisha ukingo wa mtaro. Kwa ardhi ya mlima, hiyo nusu saa ilikuwa na thamani kuliko kabro yote ya Kenyatta Avenue.

Nilikuwa natafuta jaketi la flisi na glavu. Kijana alinipa kanuni mbili. Ya kwanza, soma lebo ya ndani: ikiandika pamba, weka chini hata kama ni nzuri, maana pamba ikilowa jasho haikauki na usiku wa mlimani itakugandisha, unataka polista au sufu. Ya pili, kama unataka mzigo wa camera, yaani ule wa daraja la kwanza ambao haujachaguliwa na mtu, njoo asubuhi wanapofungua marobota. Mchana ule tulikuta yaliyobaki. Hata hivyo nilipata flisi ya kijani, nzito, zipu inapanda na kushuka bila kukwama, kwa bei ambayo dukani isingenunua hata mfuko wake.

"Mathe, hiyo ni mia tano, na ni kwa sababu ni wewe."

"Mimi ndiye nani?"

"Si unaenda mlima? Viatu vinasema."

Tulimalizana kwa mia tatu hamsini. Glavu nilipata pia, moja ikiwa na uzi uliotoka, nikaishona usiku.

Begi la kulalia niliamua kukodi mjini kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Niseme tu kwamba kijana ndiye aliyesisitiza tulifungue na kulikunjua lote mezani, ingawa mwenye duka alikuwa ameshalifunga vizuri na kutupatia risiti. Zipu ilikuwa imekufa kuanzia magotini. Tukabadilishiwa, kwa kununa kidogo. Ukikodi chochote, kikunjue pale pale: zipu za begi, miguu ya fimbo za kutembelea kama inakaza, taa ya kichwani kama betri ni nzima. Nusu ya usiku wa kwenda Lenana unatembea gizani, na taa ya kukodi isiyowaka haina pa kurudishwa.

Msitu wa Karura nilikwenda bila kijana, na kwa kweli humhitaji. Malipo ya langoni ni kwa mtandao, si taslimu, kwa hiyo uwe na laini ya simu inayofanya kazi. Njia zina alama zenye namba kwenye kila makutano, ukiwa na ramani hupotei. Ni zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, na zipo kwa sababu watu walizipigania: Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipigwa hapa Januari 1999 akijaribu kupanda miti kwenye ardhi iliyokwisha kugawiwa kinyemela. Alikuwa ameshaizuia serikali kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park miaka kumi nyuma.

Nilichokifuata mimi ni mteremko. Katikati ya jiji ni tambarare, hapakupi jambo ambalo huharibu miguu ya wengi: kushuka. Ukishuka, vidole vinasukumwa mbele, na kama kiatu ni kifupi kucha ndizo zinazolipa. Karura ina mteremko wa kwenda kwenye maporomoko ya maji na mapango, si mkubwa, lakini nikiwa na begi zito niliupanda na kuushuka kwa kurudiarudia huku wakimbiaji wa asubuhi wakinipita na kuniangalia kwa huruma. Vidole havikugusa mbele. Kwa hilo peke yake ningelipa kiingilio tena.

Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill ni matembezi mafupi kutoka Ngara. Nenda kwa ajili ya Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtu wa zamani wa karibu miaka milioni 1.5 aliyevumbuliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, na umsalimie Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya rais. Beba pasipoti au kitambulisho. Bei ya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na ya mgeni wa mbali, na watakuuliza.

Turudi kwa kijana na nyota zake. Anafaa kwa mtu anayetaka kuuliza na kujibiwa, na asiyeona tabu kutembea kwa saa nyingi na kula kibandani. Hamfai mwenye watoto wadogo, mwenye goti bovu, wala anayetaka kupigwa picha kila kona, maana mitaa mingine atakukataza kutoa simu na hatabembelezwa. Kiswahili chake ni cha Nairobi, kinakwenda mbio. Mwambie apunguze, hupunguza kwa dakika kumi kisha anasahau. Alichelewa kufika asubuhi, sababu ikiwa ni foleni ya Thika Road, na Wanairobi wote niliowaeleza waliikubali sababu hiyo bila kuhoji. Mpangieni saa moja kama mnataka kuanza saa mbili.

Siku ya kuondoka alinisindikiza bila malipo hadi steji ya magari ya Nanyuki, akaniambia nisimpe mtu begi hadi nione linaingizwa garini, na akamwambia kondakta aniweke dirishani upande wa kulia. Ni kama kilomita 200, na ukishapita Karatina mlima uko upande huo. Kiti cha kulia kinawahiwa, kwa hiyo fikeni gari likiwa bado tupu.